Kambi ya Ziwa Jilore: Kulala Kando ya Maji Nje ya Malindi

Ziwa Jilore liko magharibi ya Malindi, kama kilomita 20 kutoka mjini, upande wa barabara inayokwenda lango la Sala la Tsavo Mashariki. Kusini yake kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kaskazini bonde la mto Sabaki. Mtu akitoka mjini baada ya chakula cha mchana, hema linaweza kuwa limesimama kabla ya alasiri kuisha. Ukaribu huo ndio unaowaponza wengi. Wanabeba vitu vya matembezi ya ufukweni, kisha usiku unawakuta na mtungi mmoja wa maji, tochi isiyo na betri na hema lililosimama kwenye njia ya kiboko.

Mwongozo huu ni wa watu 4 kulala usiku 2, kwenye kambi isiyo na mfereji wa maji, choo wala umeme. Mkiwa wengi zaidi, ongezeni maji na chakula, lakini hema za ziada zisiwafanye mkubali kiwanja kibaya kwa sababu tu ni kipana.

Msimu, na mvua isiyoonekana

Miezi mizuri ni miwili mitatu ya kaskazi, Januari hadi mwanzo wa Machi, na ile ya baridi ya kusi, Julai hadi Septemba. Kaskazi ni kavu lakini usiku wake una joto la kumtoa mtu hemani. Kusi ina upepo mzuri na manyunyu ya kupita. Masika, Aprili hadi Juni, achana nayo: Mei ndio mwezi wa mvua nyingi pwani yetu, na udongo wa bondeni ukilowa hushika gurudumu la tuktuk hadi lisukumwe na watu watatu.

Lakini kutazama mbingu ya Malindi peke yake hakutoshi. Sabaki ni jina la mwisho la mto mrefu. Kule juu huitwa Athi, ukishakutana na mto Tsavo huitwa Galana, na karibu na bahari ndipo unapokuwa Sabaki. Maji yake huanzia nyanda za juu za Nairobi na kupita Ukambani. Kwa hiyo mjini kunaweza kuwa na jua la kuanika papa, huku maji ya mvua iliyonyesha Machakos siku kadhaa nyuma yako njiani kuteremka. Jilore ni ziwa la bonde la mafuriko: hupata maji Sabaki inapojaa, na hunywea vibaya ukame ukikaza.

Basi kabla ya kufunga mizigo uliza mambo mawili: maji ya ziwa yako wapi sasa, na bara kumenyesha? Ziwa likiwa limejaa na mto unapanda, ahirisha. Likiwa limenywea, kambi inawezekana, ila ukingo utakuwa tope pana lenye ganda kavu juu. Ganda hilo humbeba mbwa, si mtu. Likikushika hadi magotini usivute mguu kwa nguvu. Kaa kitako au lala nyuma, uzito utawanyike, kisha utoe mguu mmoja mmoja polepole.

Mwenyeji kwanza

Kando ya ziwa hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Kuna mashamba ya mahindi, malisho, njia za ng'ombe za kwenda kunywa, na sehemu za wavuvi. Anza kwa mzee wa kijiji au naibu wa chifu, mchana, kabla hujashusha mzigo hata mmoja. Ukitaka kulala ndani ya msitu, hiyo ni habari nyingine: utafute kibali cha Shirika la Misitu, na usiokote kuni humo bila ruhusa.

Namna ya kuuliza ina maana kubwa. Ukisema, "Mzee, hapa kuna viboko?" utajibiwa kwa adabu, "Aa, wapo, lakini hawana neno," kwa sababu mwenyeji hataki kumtisha mgeni. Uliza hivi badala yake:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibuni."

"Tunaomba kulala hapa kwenu siku mbili. Viboko wakitoka majini usiku hupita wapi kwenda kula? Na maji yakijaa hufika wapi?"

Swali la *wapi* humfanya mtu anyooshe kidole, na kidole ndicho unachokitaka. Muombe atembee nawe dakika kumi akuonyeshe njia zenyewe. Akikupa kijana wa kulinda usiku, patana naye malipo pale pale mbele ya mzee, na mhesabu katika chakula. Mlinzi anayelala njaa hulala kweli.

Kuchagua kiwanja

Hapa ndipo kambi ya ziwani inapofaulu au kuharibika, na hata hema la bei gani haliwezi kurekebisha kiwanja kibaya. Tumia saa nzima ikihitajika. Fika kabla ya saa 10 alasiri, maana jua la Malindi huzama kati ya saa 12 na dakika chache na saa 12 na dakika 40 mwaka mzima, na giza halikawii baada yake.

Kwanza, umbali. Kaa angalau mita 50 kutoka ukingo wa maji, yaani hatua 70 hivi za mtu mzima, na mita 2 juu ya usawa wake. Sabaki ina mamba na viboko, na ziwa linalopokea maji ya mto huo lihesabu kuwa nao hata kama hukuona kitu mchana. Mamba huvizia majini na ukingoni penyewe, si mita 50 ndani ya nchi kavu. Kiboko ndiye anayetembea. Hutoka magharibi ikiingia, huenda kula nyasi hata kilomita kadhaa, na hurudi kabla ya jua kutoka. Hakutafuti wewe, ila ukiwa kati yake na maji, au umeziba njia yake, atapita palepale.

Kwa hiyo ijue njia ya kiboko. Ya ng'ombe huwa ni mstari mmoja uliokanyagwa. Kiboko ana tumbo pana na miguu iliyoachana, hivyo huacha mistari miwili sambamba, na katikati yake tuta dogo la nyasi. Kwenye tope laini alama ya mguu ina vidole 4 vilivyotawanyika. Kinyesi chake hakikai fungu moja: hukirusha kwa mkia huku na huku, kwa hiyo ukiona majani ya kichaka yamepakwa kitu kama nyasi zilizosagwa, kuanzia kimo cha goti kwenda juu, hapo ni kwake. Ukikuta dalili hizi, songa pembeni mita 100 au zaidi, na usiweke hema mahali ambapo njia hiyo inatokea kichakani ghafla.

Ukingoni penyewe tazama mfereji laini ulioteleza kwenye tope, kama mtu aliyeburuta gunia, wenye alama za kucha pande zote mbili. Hapo mamba huingia na kutoka. Usichote maji hapo, wala usirudi kuchota mahali palepale kila saa ileile, maana mamba hujifunza mazoea ya watu.

Pili, mstari wa mafuriko. Angalia vichaka na magogo: nyasi kavu, vijiti na tope lililogandia juu ya matawi huonyesha maji ya mwisho yalifika wapi. Hema liwe juu ya mstari huo. Vijibonde vya mchanga laini vinavyoonekana kama kitanda kilichotandikwa ni njia za maji ya mvua. Vinapendeza mchana tu.

Tatu, mti. Kivuli kinatakiwa, lakini si cha mti wowote. Mnazi unaangusha nazi na makuti bila kutoa habari. Mbuyu mzee hudondosha matawi. Mwembe na mkanju ni vizuri kwa kivuli, ila tazama juu kwanza: majani yaliyoshonwa pamoja kama mpira ni nyumba za majimoto, yaani sisimizi wanaouma, na kamba ya hema ikifungwa kwenye mti huo huwa daraja lao la kuja kwako. Mkwaju ni bora kuliko yote, una kivuli chepesi kinachopitisha upepo. Wako watakaokuambia una wenyewe wasioonekana; hilo mtamalizana na mzee wa kijiji. Hema lisimame pembeni ya mti upande wa mashariki wa shina, lipate kivuli kuanzia saa 8 mchana, si chini ya matawi mazito.

Mwisho tazama ardhi yenyewe. Tope jeusi lenye nyufa ni la mfinyanzi: likinyeshewa halinywi maji. Mchanga mwekundu wenye nyasi fupi unafaa zaidi. Chunguza mashimo ya panya na vichuguu vilivyovunjika ndani ya duara la mita 5, kwani nyoka hupenda vyote viwili.

Kusimamisha hema

1. Fagia kiwanja kwa tawi, ondoa miiba na mawe. Mwiba wa mgunga hutoboa turubai na godoro la upepo kwa pamoja.

2. Tandika turubai la chini. Likunje liwe dogo kuliko sakafu ya hema, sentimita 5 kila upande. Wengi huliacha litokeze wakidhani linaongeza kinga. Likitokeza hupokea maji ya mvua yanayotiririka kwenye paa na kuyaingiza chini ya migongo yenu.

3. Elekeza mlango. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Hema la joto linahitaji upepo upite, kwa hiyo mlango uangalie upepo kwa mshazari, na dirisha la nyuma liwe wazi, limebaki na chandarua tu. Ukigeuza mlango kuangalia ziwa kwa ajili ya mandhari, na upepo unatoka ubavuni, utalala kwenye jasho lako.

4. Piga vigingi vya pembe nne kwanza, huku zipu ya mlango imefungwa. Zipu ikiwa wazi hema hunyooka kupita kiasi, halafu haifungiki. Kigingi kiinamie nje ya hema, pembe ya nyuzi 45 hivi, na kizame hadi kichwani.

5. Kwenye mchanga mlaini kigingi hakishiki. Chimba shimo la sentimita 30 hadi 40, funga kamba katikati ya kipande cha ubao au mfuko wa kitambaa uliojazwa mchanga, ulaze shimoni ukikingama na kamba, kisha fukia na kukanyaga. Hicho hakitoki hata kwa upepo wa kusi.

6. Ingiza fito, nyanyua, kisha vaa paa la nje. Paa lisigusane na hema la ndani mahali popote. Mvuke wa pumzi za watu wawili hugeuka matone usiku, na pale vitambaa vinapogusana matone hupenya ndani. Asubuhi watu husema hema linavuja, kumbe ni pumzi zao.

7. Kaza kamba, kisha uzipitie tena magharibi. Kamba ya nailoni ikilowa hulegea, kwa hiyo mvua ikija irudie kukaza. Ya katani ikilowa hujikaza yenyewe na inaweza kung'oa kigingi. Hiyo iachie nafasi kidogo. Zifungie vitambaa vyeupe, vipande vya leso chakavu vinatosha, mtu asijikwae gizani.

Habari ya kuchimba mfereji kuzunguka hema: kiwanja kikichaguliwa vizuri hauhitajiki, na unaharibu malisho ya watu. Ukiona unauhitaji, hamisha hema.

Maji

Hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia, na lita 2 za kunawa. Kwa watu 4 na usiku 2 ni lita 60 hivi ukichanganya na akiba, yaani mitungi 3 ya lita 20. Hiyo ni kilo 60 za mzigo, uzito wa mtu mmoja, na dereva wa tuktuk ana haki ya kulalamika. Ijaze mjini. Maji ya ziwa yawe ya kuoshea vyombo, na ya kunywa wakati wa dharura tu.

Sababu si tope peke yake. Maji yaliyotulia yenye majani na konokono ni makazi ya kichocho, na kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa siku nyingi katika pwani yetu. Vijidudu vyake havihitaji kunywewa. Hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache tu za kusimama majini, na jua la mchana ndilo huvitoa kwenye konokono kwa wingi. Kwa hiyo hakuna kuogelea, hakuna kutembeza miguu ukingoni, na watoto waangaliwe. Ukilazimika kuingia, vaa buti za mpira na ujifute kwa nguvu mara utokapo. Kujifuta hupunguza hatari, hakuiondoi. Mtu akiona damu kwenye mkojo wiki au miezi baadaye, amwambie daktari kuwa aliingia ziwani. Dawa ipo na inaponya.

Maji ya ziwa ya kuoga au kuoshea vyombo yaache kwenye ndoo iliyofunikwa siku 2: vijidudu vya kichocho hufa vyenyewe kwa kukosa mwili wa kuingia. Kwa kuwa kambi yenyewe ni ya siku 2, njia ya haraka ni kuyachemsha.

Yakibidi kunywewa:

Yaache yatulie usiku kucha, tope lishuke. Shabu husaidia kushusha tope lakini haiui kitu. Yamimine taratibu, uyachuje kwa leso safi iliyokunjwa mara 4, kisha uyachemshe yatokote sawasawa kwa dakika 1. Huna moto, tumia klorini ya maji ya dukani kwa kipimo cha chupa yake. Dawa ya kufulia nguo nyeupe yenye klorini ya asilimia 5, isiyo na manukato wala rangi, nayo inafaa: matone 2 kwa lita, au nusu kijiko kidogo cha chai isiyojaa kwa mtungi wa lita 20. Tikisa, subiri dakika 30. Yakiwa bado na wingu, ongeza kipimo maradufu. Ukinusa na kupata harufu hafifu ya klorini, ni sawa. Ukikosa kabisa, rudia kipimo kilekile na usubiri tena.

Moto na chungu

Beba makaa, debe moja linatosha usiku 2 ukipika mara mbili kwa siku, na jiko. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 hurahisisha chai ya asubuhi. Cha kuwashia moto kiko Malindi bure: makumbi makavu ya nazi na vifuu. Makumbi hushika moto upesi na moshi wake hupunguza mbu. Vifuu huwaka kwa joto kali, usivijaze jikoni vyote kwa pamoja kama sufuria yako ni nyembamba.

Moto uwe mita 3 au zaidi kutoka hemani, upande ambao upepo unatoka kwenu kwenda kwake. Jiko la makaa lisiingizwe hemani hata likiwa limebaki majivu mekundu na mvua inanyesha. Hewa ya makaa haina harufu, humlevya aliyelala, na hamki tena. Wakati wa kuzima, mimina maji, koroga, mimina tena. Kuufukia kwa mchanga kunauficha tu. Joto hubaki chini hadi asubuhi, na mtoto pekupeku ndiye anayeligundua.

Chakula kipangwe kwa kuharibika kwake. Siku ya kwanza ni ya samaki: nunua asubuhi kwa wavuvi Malindi, changu au tafi wa kilo 1 na nusu kwa watu 4, watolewe matumbo na magamba kulekule, watiwe chumvi na ndimu, wawekwe juu ya barafu. Barafu ya pande moja kubwa hukaa kuliko vipande vidogo, kwa hiyo gandisha maji kwenye mtungi mgumu wa lita 3, kisha yakiyeyuka muyanywe. Chupa za plastiki za kutupa ziacheni mjini: tangu Juni 2020 haziruhusiwi kwenye misitu, fukwe na hifadhi za Kenya, na mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2017. Kikapu cha ukili hubeba vyote.

Siku ya pili tegemea vikavu: mbaazi nusu kilo, mchele kilo 1, ng'onda, vitunguu, nyanya ngumu, na mahamri ya asubuhi yaliyokaangwa jana yake.

Mbaazi za nazi kambini huwashinda watu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kutoziloweka. Ziloweke usiku, umwage maji hayo asubuhi, la sivyo zitamaliza makaa ya siku nzima zikiwa bado zinagonga sufuria. Ya pili ni tui. Tui lililokamuliwa nyumbani asubuhi, kwa joto la Jilore, jioni limechacha. Beba nazi 2 nzima na mbuzi ya kukunia. Zikune nazi hapo hapo, kamua tui zito kikombe 1 na uliweke pembeni, kisha tui jepesi vikombe 3. Chemsha mbaazi kwa maji ziive, mimina tui jepesi pamoja na kitunguu, bizari na pilipili, liache lipungue. Tui zito litiwe mwisho kabisa, moto umepunguzwa, huku unakoroga bila kuacha. Likitokota sana hukatika, mafuta yakaelea peke yake na maji yakabaki chini. Halina sumu, ila halina sura. Na mbuzi, kazi ikiisha, ni kiti kizuri cha kando ya moto.

Chakula chote kilichobaki kirudi kwenye gari au sanduku lenye kufuli. Tumbili na nyani hufungua zipu, au huchana kitambaa bila kuisumbukia zipu. Makombo hemani huita siafu. Mstari wao ukielekea kwenu usiku, msishindane nao: hamisheni watu, mwageni mstari wa majivu mbele yao, ngojeni wapite.

Usiku

Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Saa 12 jioni kila mtu avae mikono mirefu, suruali na soksi, na ajipake dawa ya kufukuza mbu kwenye vifundo vya miguu na shingo. Kagua chandarua cha hema mchana, shika kitambaa ukielekeza juani: tundu dogo lishone kwa uzi na sindano. Wakati wa kuingia, zipu ifunguliwe na kufungwa mara moja, taa ya ndani ikiwa imezimwa. Dawa ya mbu ya kuchoma ikae nje, kamwe isiwe ndani. Wageni kutoka bara na ng'ambo wamuone daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga, na yeyote atakayepata homa ndani ya wiki kadhaa baada ya kambi apimwe malaria.

Viatu visiachwe nje. Vikung'ute kila mara, hata kama ulivivua nusu saa iliyopita, kwa sababu ya nge. Kuni na mawe vigeuze kwa kijiti. Kutoka usiku ni kwa tochi na viatu vilivyofungika: nyoka aitwaye moma hakimbii mtu, hulala njiani akitegemea rangi yake, na ndiye hukanyagwa. Mwanga wa tochi upeleke chini hatua mbili mbele yako, kisha uzungushe mbali. Macho mawili yanayong'aa kwa rangi nyekundu usawa wa maji ni mamba, na umesogea karibu mno.

Akiumwa mtu na nyoka: usichanje, usifyonze, usifunge kamba. Mlaze, mwambie asitembee, mvue pete na bangili kabla ya uvimbe, funga kiungo kwa ubao kisicheze, na mpeleke hospitali ya serikali Malindi. Swila, nyoka atemaye sumu, akitema machoni, osha kwa maji mengi safi dakika 15 au zaidi, bila kusugua, kisha hospitali. Kwa hiyo gari au tuktuk yenye dereva wa kupigiwa simu iwe imepangwa kabla ya safari, na mahali penye mtandao wa simu pajulikane mchana. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Kiboko akisikika karibu, zima muziki, msimwangazie tochi machoni, msitoke. Anavuta nyasi kwa midomo, utasikia mkwaruzo wa kukata ukisogea na kuondoka. Hatari ni kumkatia njia ya maji.

Choo na taka

Shimo liwe mita 60 kutoka ziwani na mbali na njia ya ng'ombe. Kwa watu 4 usiku 2, chimba la sentimita 60, kila mtu afukie kwa udongo na majivu kidogo, kisha lifukiwe lote siku ya kuondoka. Anayekwenda peke yake mbali na kambi achimbe sentimita 15 hadi 20. Sabuni isiingie ziwani, ndoo ya kuoshea imwagwe nchi kavu kwenye mchanga. Taka zote mrudi nazo mjini.

Kuvunja kambi

Anza saa 1 asubuhi, kabla ya jua kukaza. Toa vyombo, geuza hema lisimame kwa ubavu, mchanga na wadudu watoke mlangoni, kisha anika sakafu yake. Umande wa bondeni ni mwingi, na mara nyingi mtalazimika kulikunja likiwa bichi. Likifika Malindi lifungueni siku hiyohiyo, lianikwe kivulini penye upepo hadi mishono na pembe zikauke kabisa, si juu ya kitambaa tu. Kwa unyevu wa pwani hema bichi likikaa siku 2 mfukoni hushika ukungu mweusi usiotoka kwa sabuni. Vigingi vifuteni tope na muvihesabu kabla ya kuondoka uwanjani: kinachobaki kwenye nyasi kitaingia kwenye kwato ya ng'ombe wa mwenyeji.

Pitieni kwa mzee kuaga, mumlipe mlinzi, na mumwonyeshe kiwanja kabla tuktuk haijawashwa.